Mawimbi Yaliyovuka Mpaka

Efrazia Shemweta alizaliwa Malindi ya milimani, si ile ya pwani, katika nyumba inayotazama bonde ambalo asubuhi huwa limejaa ukungu hadi jua likolee. Hajapata kuishi mahali pengine isipokuwa Tanga mjini, alikosoma chuo cha ufundi, na joto la kule lilimshinda. Alirudi na cheti cha umeme, akaolewa na dereva wa lori la kabichi ambaye siku nyingi yuko njiani kwenda au kutoka Dar es Salaam, akazaa mtoto mmoja, Tobia. Tangu hapo watu wakamwita Mama Tobia, isipokuwa wenye redio mbovu, ambao walimwita fundi.

Mama yake alifariki Efrazia akiwa darasa la pili. Aliyemlea ni dada yake mkubwa, Beatha. Ndiye aliyemsuka nywele, ndiye aliyemchapa, ndiye aliyemsindikiza kanisani siku ya kipaimara. Baadaye Beatha alisomea uuguzi, akapangiwa zahanati ya Hemkuyu, kijiji kilicho ukingoni mwa milima, ng'ambo ya mabonde mawili. Efrazia akiwa na jambo la kuamua, humuuliza mumewe kwanza, kisha humuuliza Beatha, kisha hufuata alilosema Beatha.

Kazi ya mnara ilimjia akiwa na umri wa miaka thelathini na minne. Kampuni moja ndogo ilipewa kibali cha kufikisha mtandao kwenye shule za milimani, mahali ambapo simu hupata mawimbi ukipanda kwenye jiwe fulani na kuyapoteza ukishuka. Mpango wao ulikuwa kutumia masafa ya televisheni. Mawimbi ya televisheni hupita kwenye miti na kuinama kidogo juu ya vilima, na katikati ya chaneli moja na nyingine kuna nafasi zisizotumiwa na mtu. Injinia wa kampuni, kijana mmoja mpole aitwaye Martin, aliwaambia mafundi siku ya mafunzo: "Masafa haya yana wenyewe, na wenyewe ni televisheni. Sisi ni wageni. Tukimsumbua mwenyeji, tunaondoka sisi, haondoki yeye."

Mnara ulisimamishwa kwenye kilima juu ya Malindi, katikati ya miti ya miwati. Mlinzi wake alikuwa Sharifu, mtu wa makamo aliyelima karoti hadi kwenye uzio wenyewe. Efrazia alipanda kule mara kwa mara kukagua nyaya, betri na paneli za jua. Shule tatu zilipata mtandao, na wanafunzi wakaanza kusoma mambo ambayo walimu wao walikuwa hawajayasoma bado.

Hapo ndipo Beatha alipouliza swali lake. "Watoto wazima wanapata mtandao, wagonjwa hawapati. Mpango huo aliupanga nani?"

Efrazia aliupeleka ujumbe huo kwa Martin karibu neno kwa neno. Martin akapiga hesabu. Hemkuyu ni mbali, akasema, lakini mtambo ukiongezewa nguvu mpaka mwisho wa kile kinachoruhusiwa na kibali, utafika. Wakauongeza, wakaelekeza antena moja upande ule, na zahanati ikaunganishwa. Juma hilohilo Beatha alimpiga picha mtoto mwenye vidonda mgongoni, akamtumia daktari wa hospitali ya wilaya, akajibiwa kabla mama wa mtoto hajamaliza kumfunga mgongoni. Jioni alimpigia Efrazia simu. Hakusema asante, si kawaida yake. Alisema, "Efra, kitu hiki kinafanya kazi."

Miezi michache baadaye, Efrazia alikuwa gulioni akichagua vitunguu pale mzee mmoja mwenye koti refu la baridi aliposimama mbele yake.

"Shikamoo baba," akasema.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa mnara?"

"Ndimi."

"Mnara wako unakula televisheni yangu."

Waliokuwa karibu wakacheka. Mzee hakucheka. Jina lake lilikuwa Kornelio, alikuwa amestaafu kazi ya msitu, na aliishi Kwebondo, kitongoji kilicho chini ya kile kilima, upande wa njia ya Hemkuyu. Efrazia alimjibu kama alivyofundishwa. Mnara uko kwenye chaneli yake, televisheni iko kwenye yake, haviwezi kukutana. Huenda tatizo ni antena, au waya umeingia maji. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutimiza neno, alikwenda Kwebondo asubuhi moja, akabadilisha waya, akakaza antena juu ya bati, picha ikaonekana safi kabisa, akaaga.

Kornelio alirudi gulioni juma lililofuata. "Asubuhi iko. Watoto wa shule wakiingia kwenye kompyuta zao, haiko." Efrazia akamwambia ajaribu king'amuzi kingine. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaenda zake, na hakuja tena.

Huko kutokuja ndiko kulikomsumbua. Sharifu naye alimwambia, wakiwa wamekaa kwenye uzio wakila viazi vya kuchemsha, kwamba Kwebondo kila nyumba yenye televisheni ilikuwa imegeuza antena yake huku na kule. Mmoja ameifunga juu ya mkaratusi, mwingine ameuza televisheni na kununua mbuzi.

"Kwa nini hawaji kulalamika?" Efrazia aliuliza.

"Mmoja alikuja," Sharifu akasema. "Ukambadilishia waya."

Alikwenda Kwebondo tena, safari hii alasiri. Kornelio alimkaribisha ndani. Sebuleni palikuwa na kitanda karibu na dirisha, na juu yake alilala mke wa Kornelio, Yunis. Kiharusi kilikuwa kimemchukulia upande wa kulia na maneno yote. Televisheni iliwekwa juu ya kigoda, imeelekezwa kwake. Ilikuwa saa ya kipindi cha kwaya. Waimbaji waliovaa majoho ya zambarau waliimba, na mkono wa kushoto wa Yunis ulipanda na kushuka juu ya blanketi, ukifuata pigo bila kukosea.

"Alikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika," Kornelio akasema. "Miaka mingi tu."

Kisha picha ikakatika vipande vya mraba. Sauti ikakwaruza, ikakatika, ikarudi neno moja, ikakatika tena, na kioo kikawa cheusi. Mkono wa Yunis ulibaki juu kidogo, ukangoja, ukashuka. Akageuza uso wake ukutani. Kornelio akachukua birika. Alimimina chai.

Efrazia alitoka uani mahali penye mawimbi ya simu, akampigia Sharifu. "Nenda kwenye kisanduku cha kijivu. Zima swichi ya juu."

Ndani, kwaya ikarudi.

"Washa."

Kwaya ikakatika.

"Zima tena."

"Mama Tobia, unanichezesha?"

"Zima, mghoshi, nakuomba," akasema, akimwita bwana kwa lugha ya nyumbani.

Kwaya ikarudi. Efrazia alisimama mlangoni akitazama majoho ya zambarau kwa muda, kisha akamwambia Sharifu awashe, kwa sababu wanafunzi walikuwa wakingoja. Akaingia ndani, akakaa.

"Baba, samahani. Ni sisi."

"Nilijua," Kornelio akasema. "Nilikuwa nangoja na wewe ujue."

Martin alipopigiwa simu hakubisha. Alikuja mwenyewe kutoka Dar es Salaam na kipimo, chombo chenye kioo kinachoonyesha mawimbi kama mstari unaochora milima. Walikiweka chini ya mnara. Mstari ulipanda wima, ukawa tambarare juu, kisha kila upande, badala ya kukatika wima kama ulivyopanda, ulishuka polepole kama mteremko wa shamba.

"Hayo tunayaita mabega," Martin alisema. "Hayakupaswa kuwa mapana hivyo. Mtambo ukisukumwa mpaka mwisho wa uwezo wake, mawimbi yanaharibika umbo, na kinachozidi kinaangukia chaneli ya jirani. Mahali ambapo televisheni inapata mawimbi mazito usingeona kitu. Lakini Kwebondo televisheni inafika imechoka, na antena yetu ya Hemkuyu inapita juu ya vichwa vyao."

Sharifu, aliyekuwa akisikiliza na jembe begani, akasema, "Yaani maji yako umeyapitisha kwenye mfereji wako mwenyewe, ila umefungulia mengi, yanamwagikia kwa jirani."

"Ni hivyo hivyo," Martin akasema.

Walitafuta chaneli nyingine iliyo wazi, haikuwepo. Kulikuwa na kifaa cha kuchuja ambacho kingeweza kukata yale mabega, lakini kilipaswa kuagizwa na kutengenezwa kwa ajili ya chaneli ileile. Kilichoweza kufanyika mara moja ni kupunguza nguvu. Ukipunguza kidogo tu, Martin alieleza, mabega yanapungua sana. Shule zingebaki. Hemkuyu isingefika.

"Kibali kinatutaka tupunguze leo," akasema. "Lakini Hemkuyu unaijua wewe."

"Nipe mpaka kesho," Efrazia akasema. "Siwezi kumzimia dada yangu kwa simu."

Alichukua bodaboda hadi mahali ambapo mvua ilikuwa imekula barabara, sehemu iliyobaki akaimaliza kwa miguu. Beatha alikuwa akifua shuka za zahanati. Alimsikiliza mdogo wake mpaka mwisho huku mikono ikiwa ndani ya povu.

"Kwa hiyo mzee atazame televisheni," akasema.

"Si mzee tu, dada. Ni kitongoji kizima. Na masafa yale si yetu, tumekaribishwa tu."

"Mwezi uliopita nilikuwa na mama anatokwa damu. Nikamwandikia daktari, akaniongoza hatua kwa hatua hadi gari likafika. Huyo mama ana watoto wanne. Mtu wa televisheni anapoteza nini?"

Efrazia alitaka kumwambia habari za ule mkono juu ya blanketi. Aliona hautatosha. Kisha akasema, "Kichujio kikifika, nitakurudishia."

"Lini?"

"Sijui."

Beatha akakamua shuka, akaitupa kwenye kamba. "Umefanya vizuri kuja. Lakini umekuja kuniambia, hukuja kuniuliza."

Alimpikia makande, akamwekea mezani, akarudi kwenye wodi. Efrazia alikula peke yake. Katika maisha yao yote, hilo lilikuwa halijatokea.

Kesho yake nguvu ya mtambo ilipunguzwa. Kwebondo antena zilirudishwa kwenye mabati. Kornelio alituma ndizi kwa Sharifu zimfikie fundi. Na Hemkuyu ikanyamaza.

Kichujio kilichelewa bandarini, kisha kikachelewa kwa sababu ambazo hakuna aliyezieleza vizuri. Beatha alirudi kwenye desturi ya zamani: akitaka ushauri wa daktari, anafunga zahanati, anapanda kilimani kutafuta mawimbi ya simu, anaongea, anashuka. Hakumpigia Efrazia. Efrazia alipopiga, simu ilijibiwa kwa ufupi: Tobia hajambo? mimi sijambo, haya.

Katika miezi hiyo, mwanamke mmoja wa Hemkuyu alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Beatha alipanda kilima akapiga simu, akaelekezwa, akashuka, gari likaja kwa kuchelewa kwa sababu ya matope. Mama alipona. Mtoto hakuishi. Efrazia aliipata habari hiyo kwa mumewe, aliyeisikia kwa madereva wenzake. Hakuna aliyeweza kusema kama mtandao ungebadilisha chochote. Daktari mwenyewe alisema huenda usingebadilisha. Efrazia alilishika hilo neno huenda, akaligeuza kila upande, na halikumpa nafuu. Kwa juma zima alipanda mnarani kila siku bila kuwa na kazi yoyote ya kufanya kule. Siku moja alishika kitufe cha kuongezea nguvu. Sharifu alikuwa akimwangalia kutoka kwenye karoti zake. Alikiacha, akashuka.

Siku chache baadaye alipita Kwebondo kuangalia picha zinavyokwenda. Alimkuta Yunis ameketi kitini, ameegemezwa mito, na mkono wake wa kulia umefungwa kwa kipande cha kanga ambacho mkono wa kushoto ulikuwa ukikivuta na kukiachia.

"Amefundishwa na muuguzi," Kornelio akasema.

"Muuguzi gani?"

"Wa Hemkuyu. Mrefu, si mwongeaji. Ameshakuja zaidi ya mara moja, siku zake za mapumziko. Mara ya kwanza alisimama hapo mlangoni akatazama televisheni, akamtazama mama, akauliza dawa za presha tunampaje. Kumbe tulikuwa tunampa akizidiwa tu. Alinisema, mwanangu. Nimekuwa mtu mzima lakini alinisema." Mzee akatabasamu kidogo. "Alisema ni dada yako. Nikadhani umemtuma."

"Sikumtuma," Efrazia akasema.

Kutoka Hemkuyu hadi Kwebondo ni kushuka bonde, kupanda, kushuka tena. Efrazia alirudi nyumbani na hilo bila kumwambia mtu.

Kichujio kilipofika kilikuwa sanduku zito la alumini lenye skrubu juu yake, kila skrubu ikiwa na chumba chake ndani. Efrazia alijaribu kukifunga peke yake, Martin akimwelekeza kwa simu. Baridi ilimgandisha vidole, ukungu ukaingia mpaka ndani ya kibanda, na alipomaliza shule zote tatu zilikuwa zimekatika. Alikosea? Martin alisema hakukosea, skrubu za kichujio ndizo zilizosogea njiani. Akaja mwenyewe na kipimo. Walikaa chini ya mnara wakigeuza skrubu kwa uvumilivu wa watu wanaotoa mwiba, mpaka ule mteremko kwenye kioo ukaanza kusimama, ukasimama zaidi, ukawa karibu wima.

Kisha Efrazia akasema kipimo hakitoshi. Kipimo kilikuwa hapo mnarani, na televisheni zilikuwa bondeni. Akampigia Kornelio, akamwomba asimame uani dirishani, akitazama kioo chake na simu sikioni.

Martin akaongeza nguvu kidogo.

"Ipo," Kornelio akasema.

Akaongeza tena.

"Ipo. Mama anaimba na mkono."

Akaongeza tena.

"Ipo. Ipo... Hapana! Imekatika!"

Martin akarudisha nyuma hatua moja, kisha, kwa usalama, hatua nyingine. Hapo wakaacha. Walizungusha pia antena kidogo ili isipige Kwebondo moja kwa moja, kadiri ilivyowezekana. Nguvu ile ilikuwa zaidi ya ile ya miezi ya ukimya, lakini haikufikia ya mwanzo. Kwa hesabu ya Martin, Hemkuyu ingepata kitu, ila zahanati ingehitaji antena kubwa zaidi, iliyo juu zaidi.

Nguzo ilikuwa mkaratusi uliokatwa palepale Hemkuyu. Wanaume wa kijiji waliubeba, na Martin naye aliubeba akiwa na viatu vya mjini, akateleza akachafuka mpaka kiunoni, akacheka pamoja na waliomcheka. Beatha alitoka zahanati akashika kamba moja ya kusimamishia. Hakuna aliyemwambia ashike. Efrazia alipanda juu akafunga antena, akaielekeza Malindi, akaisogeza unywele kwa unywele hadi Martin akapaza sauti kutoka ndani kwamba inatosha.

Haikuwa kama zamani. Picha iliyokuwa ikienda papo hapo sasa ilichukua muda wa kunywa kikombe cha uji. Lakini ilikwenda.

Watu walipotawanyika, dada wawili walibaki wamekaa kwenye ngazi za zahanati.

"Ulikwenda Kwebondo," Efrazia akasema.

"Nilikwenda."

"Hukuniambia."

Beatha alikuwa akijipangusa matope mikononi. "Nilitaka kumwona mtu aliyenizimia mtandao. Nikakuta ni mgonjwa." Akafuta kidole cha mwisho. "Yule mtoto, Efra, usimbebe. Nimembeba mimi, inatosha mmoja."

Beatha akainuka, akaingia jikoni, akarudi na sahani moja na vijiko viwili.

Yunis alifariki mwaka uliofuata, mvua za masika zikiwa zimeanza. Kwaya ya usharika iliimba, na Efrazia na Beatha walikuwepo ingawa wao ni wa kanisa jingine. Kornelio hatazami sana siku hizi. Amewaachia majirani wanaokuja kutazama kwake wachague kipindi.

Kampuni sasa inataka kufikisha mtandao kijiji kingine, upande wa mteremko unaotazama Magoma kule bondeni. Martin alituma mchoro, na kwa mchoro kila kitu kilikuwa sawa. Efrazia alikwenda kule kabla ya kufunga chochote. Alipita nyumba moja baada ya nyingine, kila alipoona antena juu ya bati akabisha hodi, akasalimu, akaomba akae atazame televisheni.

"Unatafuta kipindi gani?" mama mmoja alimuuliza.

"Chochote," akasema. "Naomba tu usizime."

Akampigia Sharifu, aliyekuwa na mtambo wa majaribio juu ya kilima, akamwambia awashe. Picha ikatetemeka pembeni, kidogo sana, kiasi kwamba mwenye nyumba hakuona. Efrazia aliona. Akamwambia Sharifu azime, akamalizia chai aliyopewa, akamshukuru yule mama. Nje, alimpigia Martin akamwambia bado, na kwamba waje na kichujio kwanza.

"Wanasubiri sana hao watu," Martin akasema.

"Najua," Efrazia akasema, akaanza kupanda mlima.